Mkia wa Gari la Mkurugenzi

Jumapili, 3 Machi

Mkurugenzi amepiga simu! Mwenyewe, kwa sauti yake, si kupitia kwa mtu. Nilikuwa nakula, nikasimama. Mke wangu akauliza nimesimama kwa nini, kwani simu inaona? Nikamwambia kuna simu za kusimamia.

Jumamosi anamwoza mjukuu wake. Anasema miguu haina nguvu tena, anatembelea fimbo, na watoto wake wamemwandalia gari jipya la kumpeleka kwenye sherehe. Halitaki. Anataka nimpeleke mimi, kwa gari lake la zamani, akae nyuma palepale alipokuwa akikaa. Mara moja tu, alisema. Nikamwambia hata mara mia. Halafu akasema, kijana wangu, najua umelitunza. Mimi nimeshavuka sitini, lakini kwa Mkurugenzi nitakuwa kijana mpaka nizikwe.

Nilikuwa tarishi wake miaka yote ile. Nilibeba mafaili, nilinunua magazeti, na kila asubuhi nilimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Tulistaafu mwezi mmoja, mimi na yeye. Wenzangu waliagwa kwa saa za ukutani. Mimi nilipewa funguo. Gari jeusi, refu, viti vya ngozi, mlango mmoja mzito kama friji iliyojaa. Nililia mbele ya watu wote wa uhasibu. Akaniusia niwe naandika kila siku jambo la kushukuru, kwamba kustaafu hakutanisumbua. Ndiyo asili ya shajara hii.

Baada ya simu nikaenda kulipangusa gari. Nikainama nyuma. Moyo ulinipasuka. Matairi ya nyuma, yote mawili, ni vipara upande wa ndani. Kwa nje yana meno mazuri kabisa. Kwa ndani laini, na lile la kulia waya zimeanza kuchungulia. Nimeyanunua juzijuzi tu, mvua zilipoanza! Na yaliyotangulia yalikufa hivyohivyo. Ya mbele yanadunda kama mapya.

Mkurugenzi akiona haya atajuta kunipa gari. Njaa naiweza, maradhi nayaweza. Mkurugenzi kujuta, hapana.

Nikafungua buti kukagua. Mifuko yangu ipo, yote minne, imelala vizuri. Jambo hili hajui mtu, hata mke wangu. Zamani Mkurugenzi akiwa nyuma, gari lilishusha mkia, likainua pua, likaja polepole getini, na walinzi wakajua kabla hawajaona namba kwamba ndani kuna mtu wa maana. Nilipolichukua mimi, mwembamba kama nilivyo, tena nakaa mbele, likawa linabinua mkia kama kuku anayedonoa. Lilionekana la kukodi! Basi nikajaza mchanga kwenye mifuko, nikauweka kwenye buti. Mkia ukarudi mahali pake. Sasa watu wananipisha njia.

Shukrani ya leo: simu.

Jumatatu, 4 Machi

Tairi haliliwi na hewa. Kuna mtu. Na mtu huyo namjua: ni Mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ana kigari kidogo cha rangi ya maziwa ambacho kingeingia kwenye buti langu na kupata nafasi ya kugeuka. Tangu gari langu liingie mtaani hana raha. Kila nikitoka hunisalimia huku macho yakiwa kwenye matairi yangu ya nyuma. Kisha hutabasamu. Mtu anayetazama tairi la mwenzake akatabasamu ana lake jambo. Nadhani anakuja na msasa.

Nimemtegea. Nimechukua majivu ya jikoni, nikayamwaga kuzunguka gari lote, nikayasawazisha kwa ufagio. Akikanyaga tu, nyayo zitamsema. Nimefanya kazi hiyo nikiwa nimeinama muda wote, na mgongo unanidai.

Mke wangu naye ana vita vyake. Tunatengeneza sakafu ya jiko. Mchanga ulishushwa nyuma ya nyumba siku nyingi, na leo fundi mwashi amekuja akautazama, akasema hautoshi, na kwamba alipouona mara ya kwanza ulikuwa mwingi. Mke wangu akaniuliza mchanga unakwenda wapi. Nikasema mvua. Akasema mvua gani inayozoa mchanga ikaacha majani makavu yaliyo juu yake. Nikasema basi labda Mwalimu, si amejenga kibaraza juzi? Nililisema kwa sauti ya mtu asiyependa kusema watu.

Nashukuru kwamba majivu hayanunuliwi.

Jumanne, 5 Machi

Nyayo zimepatikana! Nimezikagua moja moja. Za kwanza ni za ndala zangu. Za pili ni za ndala zangu pia, maana nilizunguka tena kuhakikisha. Za tatu ni za mke wangu, aliyepita kuanika nguo, na ambaye sasa anamtafuta aliyemwaga majivu mahali anapoanika shuka nyeupe. Nikajifanya hamnazo. Za nne ni za kuku. Mwalimu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nikaenda kwa fundi wa matairi. Nikamwomba ya mbele ayapeleke nyuma na ya nyuma ayalete mbele, kila moja lionje shida ya mwenzake. Akasema haiwezekani, kwa gari hili ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Nikamwomba basi ayageuze, ndani kuwe nje. Akasema tairi hili limeandikwa ubavuni upande gani ukae nje, na hata akiligeuza, waya zilizotoka hazirudi. Akasema dawa ni kununua mapya mawili, na kipimo hicho hana, ni cha kuagiza.

Kisha akaniuliza kama nabeba mzigo mzito nyuma. Nikaapa sijawahi kubeba hata gunia la maharage. Akasema nifungue buti aone. Nikamwambia kufuli limekwama. Kuhusu kufuli nilidanganya kidogo, lakini kuhusu mzigo sikudanganya. Mchanga ule si mzigo. Ni heshima.

Fundi alinipa kiti na maji ya kunywa, na hakunicheka mbele yangu. Alisubiri niondoke. Nashukuru kwa hilo.

Jumatano, 6 Machi

Wazo limenijia wakati nanyoa ndevu. Gari likienda mbele, matairi yanaisha ndani. Basi likienda kinyumenyume, lazima yaishe nje! Pande zote zikilingana, nani ataona kipara? Nashangaa wenye viwanda hawajaliwaza hili.

Nikatoka getini kwa rivasi. Nikaenda dukani kwa rivasi, nikanunua chumvi, nikaanza kurudi kwa rivasi. Muuza duka aliuliza kama gia zimekufa. Mwalimu alikuwa kibarazani na kikombe chake. Alinitazama nikipita kwenda, akanitazama nikipita kurudi, kisha akauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia hili ni zoezi la injini, magari makubwa yote hufanyiwa. Akasema ahaa. Siipendi ile ahaa yake.

Wakati wa kuingia getini nikabeba kamba ya nguo pamoja na shuka zilezile, zilizofuliwa upya kwa ajili ya majivu. Zikaingia chini ya tairi la kulia. Mke wangu hakunifokea. Alizichukua, akaziloweka, akanyamaza. Kelele zake nimezizoea, lakini kimya chake kinaniogopesha.

Halafu shingo ikagoma. Inatazama kushoto tu. Mke wangu akapasha mafuta, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunikanda. Akakuta chembe za mchanga kwenye ukosi wa shati. Akauliza za nini. Nikasema vumbi la safari. Akauliza safari ya wapi. Nikasema ya dukani. Akaendelea kukanda, ila vidole viliongeza nguvu.

Akasema Jumamosi naye anakwenda, Mkurugenzi si wangu peke yangu. Akanikumbusha siku aliposhikwa na uchungu wa binti yetu. Nilikuwa sina hata baiskeli. Mkurugenzi alitoka kwenye kikao, akatupa gari na dereva, akarudi kwao kwa miguu. Mke wangu alilala kwenye kile kiti cha nyuma, na binti alikuwa na haraka, nusura azaliwe palepale juu ya ngozi. Mkurugenzi hakuuliza hali ya kiti. Aliuliza hali ya mama na mtoto. Tukakaa kidogo tukilikumbuka, mimi na mke wangu. Machozi yalinilengalenga na shingo haikuniruhusu kugeuka kuyaficha. Akayafuta yeye kwa mkono wenye mafuta, macho yakaniwasha mpaka jioni.

Leo shukrani ni nyingi, sizimalizi.

Alhamisi, 7 Machi

Shingo inageuka nusu. Akili inageuka yote. Nimeugundua ugonjwa: gari ni zito mno!

Asubuhi nzima nimelipunguza. Nimetoa mazulia ya chini, kisahani cha majivu ya sigara, kitabu cha maelekezo, mwavuli na jeki. Nimetoa na tairi la spea, ambalo ni jipya kabisa, halijagusa barabara tangu enzi za Mkurugenzi. Limelala humo miaka yote likijaza uzito bure! Nikalivingirisha mpaka nyuma ya jiko. Shimo lake likabaki wazi, linatia aibu. Nikapima kwa macho, kisha kwa mfuko. Mfuko mmoja wa mchanga unaingia humo sawasawa, kana kwamba watengenezaji walikuwa na nia hiyo. Nikaongeza wa tano.

Gari sasa ni jepesi. Nimelizungusha mtaani nikalisikia mwenyewe. Na mkia haujawahi kukaa vizuri namna hii.

Mwalimu alichungulia juu ya ukuta wakati navingirisha spea. Nikampungia mkono. Akatabasamu tena. Atajiju.

Fundi mwashi amerudi, akasema mchanga umepungua tena tangu Jumatatu. Mke wangu akapanda juu ya kichungu kilichobaki, akashika kiuno, akatangaza kwa sauti ya kufika kwa majirani kwamba akimkamata mwizi atamlisha huo mchanga kwa kijiko. Nilimuunga mkono. Nilitaja hata kijiko kipi. Pamoja na hofu niliyonayo, nashukuru nyumba yetu kuwa na mwanamke anayelinda mali.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu ameniliza, kwa wema.

Yeye hushona sare za wanafunzi. Jana alipopeleka kazi alipita kwa fundi wa matairi kuuliza mume wake ana nini wiki hii. Fundi akamweleza habari ya vipara. Akaagiza matairi mawili mapya hapohapo, kwa fedha tuliyoiweka ya saruji. Alisema sakafu yenyewe haiendi bila mchanga, na Mkurugenzi alitupa kiti cha nyuma bila kuuliza, sisi tutashindwaje na matairi. Kwa bahati mbaya yanafika Jumatatu. Kesho ni kwenda na haya haya, polepole.

Nilimshika mkono nikataka kumwambia habari ya mchanga. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema angalau huyo mwizi ametusaidia. Nikaufunga. Na nikilifikiria kwa utulivu, kama mchanga usingepungua, fedha ingekwenda kwenye saruji. Kwa hesabu hiyo matairi nimeyanunua mimi. Sikumwambia hilo pia, kwa unyenyekevu.

Jioni nimechukua dawa ya viatu nyeusi, nikaingia chini ya gari, nikapaka vipara vyote viwili na zile waya. Nikang'arisha kwa brashi. Ukitazama kutoka mbali, tena ukiwa umesimama, huoni kitu. Mkurugenzi siku hizi hawezi kuinama.

Mke wangu alikwenda kwa Mwalimu akakaa kidogo, akarudi, hakusema alifuata nini. Natumaini amemuuliza habari ya mchanga.

Jumamosi, 9 Machi

Nianze mwanzo.

Tulifika kwa Mkurugenzi mapema. Mke wangu mbele, amevaa gauni lake la kijani, mimi suti niliyoagwa nayo kazini. Mkurugenzi akatoka. Jamani. Mtu aliyejaza mlango sasa suti inamning'inia. Nilimfungulia mlango wa nyuma kama zamani, mkono mmoja kwenye kitasa, mmoja juu asijigonge. Akakaa. Akaipapasa ngozi ya kiti, akafumba macho. Akasema harufu ni ileile. Kisha akasema limekaa kama zamani, sijui umelifanyaje. Nilitaka kuimba.

Tukaenda polepole. Baiskeli zilitupita, watu wakatupisha. Mkurugenzi akawapungia mkono kupitia dirishani. Nilikuwa namtazama kwenye kioo nikajiambia, hata nikifa leo, deni la shukrani limepungua kidogo.

Kwenye kona ya kituo cha mafuta, tairi likapasuka. Mlipuko mmoja, gari likakaa upande. Hakuumia mtu. Mkurugenzi alisema kwa utulivu kwamba hilo ni la kulia.

Nikakimbilia spea. Nikafungua buti. Spea iko nyuma ya jiko.

Mke wangu alikuwa ameshafika begani kwangu. Akaitazama ile mifuko mitano. Aliitambua, aliishona mwenyewe kwa mabaki ya sare, mmoja una mfuko wa shati bado. Akafungua mmoja. Akachota mchanga kidogo kwa vidole. Akanitazama. Nilikumbuka kijiko.

Mkurugenzi akauliza kutoka ndani kuna nini. Mke wangu akamjibu, kwa heshima zote, kwamba ni jiko lake.

Mzee akashuka na fimbo yake, akaja kuona. Akaniuliza mchanga ni wa nini. Singeweza kumdanganya mtu yule. Nikamwambia kwamba bila yeye kukaa nyuma, mkia haukushuka, na gari halikuonekana tena kuwa lake, na mimi nilitaka kila anayeliona ajue lilikuwa la nani. Nilisema yote hayo nikitazama viatu vyangu. Mke wangu alikuwa bado na mchanga vidoleni. Akaukung'uta.

Mabega ya Mkurugenzi yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko mmoja. Akasema mkia ule haukuwa uzito wake hata siku moja. Ndani ya buti kulikuwa na sefu la chuma la ofisi, alilibeba miaka yote kwa sababu hakumwamini mtu kulinda nyaraka. Akasema matairi ya nyuma yalikuwa yakiisha kila msimu, upande wa ndani, na yeye alikuwa akiwalaumu madereva.

Sefu! Miaka yote nilifungua mlango. Buti sikuwahi kulifungua.

Hapo likatokea gari dogo la rangi ya maziwa. Mwalimu. Kumbe ndicho mke wangu alichofuata jana: alimwomba atufuate nyuma, kwa vile anamjua mume wake. Mwalimu akafungua buti lake. Mlikuwa na spea yangu. Mlikuwa na jeki yangu. Aliniona nikivitupa, akavifuata nyuma ya jiko tulipoondoka. Nilitamani ardhi ipasuke niingie, lakini yeye hata ahaa hakusema. Alikunja mikono ya shati lake jeupe akalala chini akabadilisha tairi, na alipoinuka alikuwa mweusi kifua kizima. Sikumwambia kwamba weusi mwingine ni wa dawa ya viatu.

Mifuko tukaihamishia kwenye gari lake, kwa amri ya mke wangu. Langu likabinua mkia mbele ya watu wote wa kituo cha mafuta. Lake likashuka nyuma, pua juu. Lazima nikiri lilionekana la mtu fulani.

Tulichelewa. Bibi harusi alikuwa amesimama nje, amekataa kuingia bila babu yake. Magari mapya ya watoto wa Mkurugenzi yalikuwa yamepangwa mstari yaking'aa. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Mkurugenzi akaiacha fimbo kwenye kiti, akashika bega langu. Akatembea hivyo mpaka kwa mjukuu wake, mkono begani kwangu. Wanawe wakaja kumpokea. Akawaambia wasubiri, akawaambia huyu ndiye aliyenileta. Sikuhitaji aongeze neno.

Mke wangu alilia. Mwalimu naye, akiwa na shati lake chafu, alipewa kiti na chakula. Nimemshukuru Mwalimu kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Iliniuma kidogo mwanzoni, kisha haikuuma.

Jumapili, 10 Machi

Hukumu imetoka. Mchanga wote nimeurudisha nyuma ya nyumba peke yangu, kwa ndoo ndogo, mke wangu akiwa amekaa kwenye kigoda akishona. Kijiko kilikuwa pembeni yake, kwenye sahani. Hakukitumia. Alitaka nikione.

Nilipomaliza akaniletea chai. Akasema mimi ni mtu wa ajabu, ila shukrani zangu hazina kona. Nimeipokea kama sifa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema kuliko zote.

Matairi mapya yamefungwa. Mazuri! Meno kila upande. Fundi wa matairi amenyoosha magurudumu kwenye mashine yake, kisha mke wangu akanisimamisha nisikilize. Fundi akaeleza: ukilipakia gari hili uzito nyuma, linakaa, na magurudumu yanatanuka kama miguu ya mtu aliyebeba zigo, yanakanyaga kwa ndani tu, tairi linakwisha. Mke wangu akaniambia nirudie. Nikarudia neno kwa neno. Nimeelewa kabisa. Mchanga haufai.

Fundi mwashi amemwaga sakafu ya jiko. Mchanga umetosha, na saruji Mwalimu ametukopesha mabaki ya kibaraza chake. Mke wangu akaenda kupeleka sare.

Alasiri pikapu ikasimama getini na wanaume wanne. Zawadi kutoka kwa Mkurugenzi! Salamu zake: kwa kijana wangu, hiki ndicho kitu cha mwisho nilichobaki nacho cha ofisi, na wewe ndiye wa kukitunza. Lile sefu. La chuma, la kijani, tupu, funguo zimepotea. Wanaume wote wanne walilitoa wakiguna.

Nililigusa nikalia. Aliyekuwa hamwamini mtu na sefu lile, ameniamini mimi.

Wakauliza waliweke wapi. Jikoni sakafu ni mbichi. Mlango wa sebuleni haulipitishi. Nje litapata kutu. Nikafikiri sana, nisionekane mtu wa haraka. Kisha nikafungua buti.

Limeingia bila kusukumwa! Alama za miguu yake bado zipo kwenye zulia la buti, zilikuwa zikilisubiri. Ni la muda tu, mpaka sakafu ikauke, na sakafu nzuri hukauka polepole. Fundi alikataza uzito, lakini fundi alikuwa anazungumzia mizigo. Sefu si mzigo. Ni kumbukumbu. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusikiliza ushauri, nimepunguza uzito: nimetoa spea. Nimeivingirisha mpaka ukutani kwa Mwalimu, naye ameipokea kabla sijafika. Jirani wa namna hii hupati popote.

Nimesimama getini nikalitazama gari. Mkia chini, pua juu. Sasa hata huo uzito ni wa kweli, wa Mkurugenzi mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru Mkurugenzi, namshukuru mke wangu, ambaye hajarudi bado.

Jambo moja tu linanitatiza. Wakati fundi mwashi ananawa mikono, nilimwona akiyatazama matairi yangu mapya ya nyuma. Kisha akatabasamu.

Kesho namwaga majivu.